Kuunda saa ya rubani ya Kijerumani (B-Uhr) kwa vipuri vya sasa: mashine ipi, mishale ipi?

Mzizima41

Wakuu, salaam. Nataka kuunganisha saa ya mkono ya umbo la B-Uhr, zile za waongoza njia wa ndege za kivita za Ujerumani miaka ya 1940: uso mweusi, namba kubwa nyeupe, krauni (kile kitufe cha pembeni cha kuzungusha) nene ya kushikika hata na glovu. Sitafuti feki yenye jina la kampuni. Nataka umbo lile lile kwa vipuri vinavyopatikana.

Vipuri vilivyoko mezani au njiani:

- bodi ya chuma cha pua, milimita 39, krauni ya kitunguu isiyofungwa kwa nyuzi, kioo cha safaya
- uso wa milimita 28.5, Type B, hauna jina wala dirisha la tarehe
- mashine NH35 (otomatiki ya Seiko)
- seti ya mishale ya bluu, muuzaji kaandika "kwa 2824" (mashine ya ETA ya Uswisi)
- mkanda wa ngozi wenye ribiti, milimita 20

Maswali: (1) NH35 inafaa, au nitafute mashine ya kutia ufunguo kwa mkono kwa kuwa saa za asili hazikuwa otomatiki? (2) Mishale ya 2824 itakaa kwenye NH35? (3) Rangi ya kung'aa gizani kwenye uso ni nyeupe mno, nifanyeje ionekane ya zamani? (4) Kuna mtu anauza mtandaoni mishale halisi ya wakati wa vita, bado ina rangi yake. Ninunue niipachike?

Vifaa nilivyo navyo ni vibano viwili, lenzi ya jicho, bisibisi ndogo na kifungulio cha mfuniko.

---

FundiKimya

Mkuu, chaguo lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu uso wa B-Uhr haukuandikwa jina la mtengenezaji. IWC, A. Lange & Söhne, Wempe, Laco na Stowa wote walifuata vipimo vya wizara ya anga, na jina la kiwanda likakaa ndani ya mfuniko. Ukiacha uso mtupu huibi alama ya mtu, na bado uko sahihi kihistoria. Anayeunda umbo la saa ya kuzamia ya miaka ya 1960 hana bahati hiyo. Akitoa jina, uso unabaki na pengo. Akiliweka, ni bidhaa bandia.

Ukubwa usikuumize kichwa. Za asili zilikuwa na kipenyo cha milimita 55 na zilivaliwa juu ya mkono wa koti la kuruka. Hakuna mwenye akili timamu anayetembea nayo mjini. Milimita 39 ni saa ya kuvaa.

Pa kuwa makini ni hapa: Type A ina namba 1 mpaka 11 pembeni, na pale juu pembetatu yenye nukta mbili. Type B, iliyoanza 1941, ina dakika 5 mpaka 55 pembeni na masaa kwenye duara dogo la ndani. Kwa hiyo mshale wa saa wa Type B ni mfupi, ncha yake inaishia kwenye duara la ndani, na wa dakika unafika nje kabisa. Seti nyingi zinazouzwa kama mishale ya rubani ni za Type A. Chukua venia (kipimo cha kubana), pima kutoka katikati ya tundu la uso mpaka ukingo wa lile duara, kisha pima mshale wa saa kutoka katikati ya tundu lake mpaka nchani. Ukipita duara kwa milimita moja na nusu, saa nzima inaonekana imekosewa hata kwa mtu asiyejua ni nini kimekosewa.

Kuhusu mashine. NH35 ina kipenyo cha milimita 27.4, unene 5.32, vito 24, mapigo 21,600 kwa saa na akiba ya takriban saa 41. Ni otomatiki lakini pia inakubali kutiwa ufunguo kwa krauni, na ukivuta krauni mpaka mwisho mshale wa sekunde unasimama. Hilo la kusimamisha sekunde lilikuwa sharti la B-Uhr, kwa sababu waongoza njia walilinganisha saa zao kabla ya kuruka.

Ya kutia ufunguo kwa mkono yenye sekunde katikati ni Sellita SW210 au ETA 2801-2. Zote ni nyembamba, milimita 3.35, ila bei iko juu na zinapiga 28,800. Piga hesabu: 28,800 ni hatua 8 kwa sekunde, 21,600 ni hatua 6, na mashine za enzi zile kwa kawaida zilipiga 18,000, yaani hatua 5. Ukitazama mshale wa sekunde unavyotembea, NH35 iko karibu na saa ya zamani kuliko hiyo ya bei. Mimi ningebaki hapo hapo.

Ila usichukue NH35. Chukua NH38, ndugu yake asiye na tarehe. Ukiweka NH35 chini ya uso usio na dirisha, krauni inabaki na hatua ya katikati ya kubadilisha tarehe isiyoonekana, na usiku kuna kisahani kinachozunguka bure. Haivunji kitu, inaudhi tu. Kama NH35 tayari unayo, itumie, saa itakwenda vizuri.

Mishale: matundu ya NH35 na NH38 ni 1.50 kwa saa, 0.90 kwa dakika, 0.20 kwa sekunde. Ya 2824 ni 1.50, 0.90 na 0.25. Kwa hiyo miwili ya kwanza inakaa, wa sekunde hautakaa. Utaonekana umekaa ukiubonyeza, kisha utateleza ukitikisa mkono: mashine inaendelea, mshale umelala kwenye 6. Usijaribu kuminya bomba lake (kile kijishimo kinachoshika ekseli) kwa koleo, litakuwa yai na mshale utayumba kila mzunguko. Nunua mshale wa sekunde peke yake, wa 0.20. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mshale wa 0.20 ukilazimishwa kwenye 2824 unapasuka bomba au unapinda ekseli ya sekunde.

---

KariakooTikTak

Kwa nini msimshauri 6497? Mashine kubwa, milimita 36.6, inaonekana vizuri ukiweka mfuniko wa kioo, na ya Kichina ya mfumo huo huo, Seagull ST3600, ni ya bei poa. Ya kutia ufunguo kwa mkono kweli kweli.

---

FundiKimya

@KariakooTikTak mashine nzuri, saa siyo hiyo. 6497 ina sekunde ndogo upande wa 9, na B-Uhr ni sekunde katikati. Halafu ya milimita 36.6 haiingii kwenye bodi ya 39 yenye uso wa 28.5. 6497 ni ya mtu anayeunda umbo la saa za wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia, zile za bodi yenye umbo la mto wa kulalia, ambazo kampuni ya Panerai ilizifunga kwa mashine za saa za mfukoni.

---

Bluu300

Nizungumzie mishale, maana hapa ndipo saa ya vipuri inapojisaliti. Mishale ya bei ndogo ni ya shaba iliyopakwa rangi ya bluu. Chini ya mwanga inaonekana bapa, bluu ile ile kila upande. Chuma kilichopikwa kinabadilika: ukiigeuza kidogo ni nyeusi, ukiigeuza tena inawaka bluu.

Jaribu kwa sumaku ndogo, lakini mbali na mashine. Mshale ukivutwa ni wa chuma, unaweza kupikwa. Usipovutwa ni shaba, na shaba haigeuki bluu kwa moto hata ukeshe.

Kama ni wa chuma na bado hauna rangi ya kung'aa:

Sugua uso wake kwa karatasi ya msasa 1500, kisha 2500, ukiwa umeubandika juu ya kigae cha kioo kwa mkanda wa gundi wa pande mbili. Mwisho paka dawa ya kung'arishia juu ya kipande cha mbao laini. Kila mkwaruzo utakaouacha utaonekana mara kumi baada ya moto. Osha kwa asetoni, na kuanzia hapo usiguse kwa kidole. Jasho la kidole linaacha alama ya rangi tofauti.

Tafuta kisahani cha shaba, jaza machicha ya shaba kiasi cha kina cha milimita 5, laza mishale juu yake, weka juu ya taa ya spiriti. Machicha yanasambaza joto sawasawa. Ukiweka mshale moja kwa moja juu ya moto, ncha nyembamba inapika kabla ya sehemu ya bomba. Fuata rangi: manjano ya majani makavu kwenye 220 hadi 230, kisha kahawia, zambarau karibu na 280, halafu bluu iliyokoza kwenye 295 hadi 300. Kutoka zambarau mpaka bluu ni sekunde chache. Ikipita bluu inakuwa ya mbingu iliyopauka, kisha kijivu, na hapo hakuna kurudi isipokuwa kusugua upya mpaka chuma cheupe.

Kwa hiyo uondoe mapema kidogo, ukiwa bado kwenye mpaka wa zambarau na bluu, kwa sababu joto lililomo ndani ya chuma linaendelea kuisukuma rangi hata ukishautoa. Uweke juu ya kipande cha chuma baridi. Usitumbukize kwenye maji.

Pika mishale yote mitatu kwa pamoja. Mmoja ukiupika kesho hautafanana na wenzake.

---

Mwanamvita

Salaam kaka Mzizima. Swali la 4 kwanza, kwa sababu ndilo la hatari: usinunue mishale hiyo.

Rangi ya kung'aa ya saa za miaka ya 1940 ilikuwa ya radiamu. Kwamba haing'ai tena haimaanishi imekufa. Kilichochoka ni zinki salfaidi iliyokuwa ikigeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu 226 yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo tangu vita imepungua kidogo sana. Rangi ya umri ule inakatika kama unga, na mishale iliyo nje ya saa ndiyo inayomwaga vumbi kwa urahisi kuliko yote, hasa ukiibana kwa kibano au kuibonyeza. Vumbi hilo ukilivuta au kulimeza linakwenda kukaa kwenye mifupa. Wanawake waliopaka nyuso za saa kwenye kiwanda cha Orange, New Jersey, wakinyoosha brashi kwa midomo, waliugua na kufa kwa sababu hiyo. Mtu mwenye saa nzima iliyofungwa aiache imefungwa, asiifungue mezani pa kulia chakula. Wewe huna hata sababu ya kuanza.

Sasa swali la 3. Kuchemsha uso kwenye chai au kuuoka kwenye oveni ni habari za video za mtandaoni. Chai inaingia chini ya lakeri pale kwenye ukingo wa tundu na kuinyanyua. Oveni inapiga malengelenge, na ikiwa miguu ya uso (vile vijiti vya nyuma vinavyoingia kwenye mashine) imeunganishwa kwa gundi, inadondoka.

Njia safi ni kubadilisha rangi ya kung'aa yenyewe. Super-LumiNova inauzwa katika rangi ya radiamu kuukuu, ya kahawia-manjano, na inatosha ilivyo. Ukiwa na ya aina ya C3, ya kijani-manjano, unaweza kutia punje ya pigmenti ya oka au amba iliyochomwa. Nasema punje, kiasi cha ncha ya sindano kwa tone moja. Pigmenti inazuia mwanga kuingia na kutoka, kwa hiyo kadiri unavyoongeza uzee ndivyo saa inavyokuwa kipofu usiku.

Changanya unga na kiungio chake mpaka uwe mzito kama asali ya nyuki wakubwa, yaani unafuata kijiti lakini hautiririki. Ukiwa mwepesi, punje nzito zinazama na kiungio kinabaki juu kikiwa kitupu, rangi inatoka na mabaka. Ukiwa mzito, inavuta nyuzi na kuacha kilima. Mshale wenye dirisha hujazwa kutokea nyuma: uchukue tone kwa ncha ya kijiti cha mbao, uanzie kwenye kona pana, uvute kuelekea nchani kwa mwendo mmoja, bila kurudi nyuma. Mvutano wa kimiminika wenyewe unalijaza dirisha. Tazama kwa mbele kama pamejaa, kisha laza kwa nyuma yake, ufunike kwa kikombe kisiingie vumbi, uache mpaka kesho yake. Uso uliokwisha kuchapwa rangi nyeupe usiuguse. Ni rahisi zaidi kununua uso mwingine wenye rangi ya kuukuu, na mishale uifananishe nao.

Na mishale iliyopikwa kama alivyosema Bluu300 ipakwe baada ya moto, si kabla.

---

Mzizima41

Asanteni sana wakuu, na dada Mwanamvita hasa kwa hilo la radiamu. Ile mishale nimeachana nayo. NH38 imefika, na mshale wa sekunde wa 0.20 nao umefika. Nimepachika, lakini kuna mawili:

Saa inasimama kila baada ya muda, karibu na pale mshale wa dakika unapopita juu ya wa saa. Nikitikisa inaendelea.

Pia uso haujakaa bapa. Upande wa 9 umeinuka kidogo. Muuzaji aliandika kuwa ni wa NH lakini miguu haikuingia ndani ya matundu, kwa hiyo kwa sasa nimeushika kwa vidoti vya gundi.

---

FundiKimya

Hayo mawili ni tatizo moja. Vidoti vya gundi vinaongeza kimo chini ya uso, na kwa kuwa umeinuka upande mmoja, nafasi kati ya uso na mshale wa saa imepungua. Ukabonyeza mshale wa saa juu zaidi ili usikwaruze, sasa unagusana na wa dakika. Mishale ikigusana, nguvu ya mashine inaliwa na msuguano mpaka inasimama.

Toa vyote. Mishale itolewe kwa vile vijiko viwili vya kung'olea, weka kipande cha plastiki juu ya uso kwanza, bonyeza pande zote mbili kwa pamoja. Kisha geuza uso utazame miguu. Miguu ya uso wa NH inaingia kwenye matundu kwa kubana, haina skrubu. Kama iko sehemu sahihi ila imepinda, inyooshe taratibu kwa kibano cha shaba, ukishika karibu na shina, maana ukishika juu kabisa unaivunja. Kama iko sehemu nyingine kabisa, basi uso ni wa mashine nyingine. Angalia pia kama si wa krauni iliyo upande wa 4. Nyuso za NH zinauzwa za aina mbili, na miguu yake haifanani nafasi.

Ikiwa miguu ni ya kukata, kata kwa koleo la kukata bapa, sugua kibaki kwa faili ndogo mpaka kidole kisisikie kitu, puliza vumbi. Vidoti viwe vyembamba, vya saa, si mkanda wa gundi wa dukani wenye povu. Weka viwili, vinavyotazamana, kwenye pete ya nje ya mashine, visikaribie katikati.

Kupachika mishale, kwa utaratibu huu:

Mashine ikae kwenye kishikio cha duara, isilale mezani ikikalia bembea yake ya otomatiki. Zungusha krauni mpaka popote, kwa NH38 hakuna tarehe ya kulinganisha. (Mwenye NH35 yenye dirisha azungushe kwanza mpaka tarehe iruke, hapo ndipo saa sita usiku, na mishale yote ielekezwe 12.) Weka wa saa ukielekea 12, bonyeza kwa kibonyezeo chenye tundu mpaka usikie umekaa, simamisha. Lete jicho usawa wa meza utazame kwa pembeni: mshale uwe sambamba na uso, na uone mstari wa mwanga chini yake kote. Zungusha saa 12 nzima ukiangalia kama mstari huo unabaki sawa.

Weka wa dakika juu ya 12 kamili. Zungusha tena saa 12, polepole, ukitazama kila pale mishale miwili inapokutana. Kati ya mshale na mshale lenga robo ya milimita hivi. Ukiona ncha ya wa dakika inashuka, inyanyue kwa kuipinda kidogo karibu na bomba, si katikati ya mshale, maana ukipinda katikati unabaki na kigoti kinachoonekana.

Wa sekunde ndio wa kukatisha tamaa. Tundu la 0.20 halionekani vizuri bila lenzi ya mara 10. Uweke juu ya ekseli, usogeze kidogo kidogo mpaka uhisi umeshika, ndipo ubonyeze kwa kibonyezeo bapa, wima kabisa. Ukibonyeza kwa mshazari, ekseli inapinda.

Kabla ya kufunga, pima nafasi chini ya kioo: weka kipunje cha Rodico (udongo laini wa mafundi saa) juu ya kitovu cha mshale wa sekunde, shusha bodi yenye kioo mpaka ikae mahali pake, inua. Rodico ikiwa imepondeka mpaka imebaki karibu bapa, kioo kiko chini mno. Safaya bapa na mishale iliyonyanyuliwa na vidoti ni mchanganyiko unaogusana mara nyingi, na dalili yake ni saa inayosimama tu pale unapobonyeza kioo au jua linapoipasha moto.

---

Lenzi10x

Naongeza stemu (kijiti kinachounganisha krauni na mashine), atakwama hapo baada ya mishale.

Stemu ya NH ni ndefu, inakuja na mashine, nyuzi zake ni 0.90. Kuitoa: krauni ikiwa imesukumwa ndani, bonyeza kile kitundu kidogo chenye alama karibu na stemu kwa ncha ya bisibisi, kisha vuta. Usiitoe krauni ikiwa imevutwa mpaka hatua ya mwisho. Ukifanya hivyo vipande vya ndani vinavyohamisha kati ya kutia ufunguo na kurekebisha mishale vinaweza kuruka mahali pake, na ukirudisha stemu krauni haibadilishi tena chochote. Hapo ni kufungua uso na mishale upya.

Kukata: ingiza mashine ndani ya bodi, stemu ndani, krauni imefungwa mpaka mwisho wa nyuzi. Pima kwa venia pengo kati ya krauni na bodi. Tuseme ni milimita 3.4. Usikate 3.4. Kata 3.0, kisha faili kidogo, jaribu, faili, jaribu, mpaka krauni ibaki na upenyo wa 0.1 hadi 0.2 kutoka bodini. Shika stemu kwa kishikio cha sindano, usiishike kwa koleo kwenye nyuzi.

Ukiifupisha kupita kiasi, krauni inagonga bodi kabla stemu haijafika mwisho wa ndani. Matokeo yake ni kwamba unazungusha kutia ufunguo na inateleza, au hatua zinajichanganya. Ukiiacha ndefu, raba ya ndani ya krauni haifiki kwenye bomba, unyevu unaingia.

Gundi ya nyuzi ni Loctite 222 ile ya zambarau, tone dogo kuliko kichwa cha pini, na iwe kitu cha mwisho kabisa baada ya kujaribu kila hatua. Ukitumia nyekundu, siku ya kubadilisha raba utaikata krauni.

---

Bluu300

Kupima mwendo: ukipata taimugrafa, weka pembe ya kuinua (namba ya mashine ambayo kifaa hukokotolea) iwe 53 kwa familia ya NH. Ukiiacha 52 ya kiwandani, ampilitudi (upana wa mzunguko wa balansi) unayosoma si ya kweli. Tia ufunguo ujae, subiri nusu saa, pima uso juu, uso chini, krauni chini. Kiwanda kinaruhusu NH35 kati ya sekunde −20 na +40 kwa siku. Kwa kurekebisha inafika ndani ya 10 bila shida, ila mikao itatofautiana na hilo huwezi kulifuta.

Juu ya gurudumu la balansi kuna vijiti viwili. Chenye pini zinazoibana springi nyembamba ndicho cha mwendo. Cha pili, kilichoshika mwisho wa springi, ni cha hitilafu ya mapigo. Sukuma cha kwanza kwa kijiti cha mbao, upana wa unywele unabadilisha sekunde nyingi. Cha pili usikiguse kama hitilafu iko chini ya milisekunde 0.5.

Saa ikikimbia dakika kadhaa kwa siku ghafla, usirekebishe chochote. Ina sumaku. Iondoe kwa kile kiboksi cha bluu cha kuondolea sumaku: bonyeza kitufe saa ikiwa juu yake, iinue mpaka umbali wa mkono ukiwa bado umebonyeza, ndipo uachie. Ukiachia ikiwa karibu unaitia sumaku upya.

---

Mwanamvita

La mwisho kwa watu wa pwani. Usifunge mfuniko saa nane mchana dirisha likiwa wazi. Hewa unayoifungia ndani ndiyo itakayotoa ukungu chini ya kioo ukiingia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Funga ndani ya chumba kikavu, au iache bodi na mashine kwenye chombo chenye vipakiti vya silika usiku kucha. Raba ya mfuniko na ya krauni zipakwe grisi ya silikoni, filamu tu, isionekane ikimeta. Kisha jaribu: pasha saa moto kwenye kiganja dakika chache, weka tone la maji baridi juu ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukiona ukungu ndani chini ya pale palipokuwa na tone, kuna unyevu, fungua ukaushe upya. Maandishi ya "5 ATM" (ya kustahimili maji) kwenye mfuniko wa vipuri yasikupeleke baharini bila kupimwa kwa kifaa cha mgandamizo.

Na kuhusu maandishi: wauzaji wengine wanachonga namba ya kijeshi FL 23883 ubavuni mwa bodi kama za asili. Kwa matumizi yako sawa, ila ndani ya mfuniko chora mwaka ulioiunganisha na aina ya mashine, NH38, ili atakayeifungua baadaye asije akauziwa kama ya vita. Wenye kupenda nyuso zenye majina ya makampuni wajue Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, na Tanzania Tume ya Ushindani inafuatilia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Kifurushi cha nyuso kumi zenye nembo bandarini hakiangaliwi kama mchezo wa kujifurahisha.

---

Mzizima41

Miguu ilikuwa imepinda tu, imenyooka na imeingia bila vidoti. Mishale inapita bila kugusana, Rodico imebaki na kimo. Nasubiri Loctite, stemu bado ina upenyo wa 0.4.

---

Lenzi10x

0.4 ni nyingi, faili tena. Na ukimaliza kufaili, ondoa kingo za mwisho wa nyuzi kwa pembe kabla hujafunga krauni, la sivyo zitaivuruga ndani.